Namna ya Kuchagua Gari la Familia: Injini, Daraja na Thamani

Kila mtu na awe na penseli na karatasi, maana leo tutasoma, tutaandika, na tutafanya hesabu. Ndugu mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya matatu ubaoni: INJINI. DARAJA. THAMANI. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha tuanze.

Somo letu ni juu ya kununua gari. Labda wewe utasema, "Mimi sina fedha za gari, somo hili halinihusu." Ngoja kwanza. Huenda ndugu yako akataka kununua, au chama chenu cha kuweka na kukopa, au mwanao aliye kazini mjini. Siku hiyo wataleta karatasi nyumbani, na watakuuliza, "Mzee, waonaje?" Yafaa uwe na jibu. Tena masharti ya kusoma gari hayapishani sana na masharti ya kusoma kitu chochote cha bei kubwa.

Tuchukue mfano. Mtu na mkewe wanakaa Morogoro. Bwana ni mwalimu, Bibi ni mwuguzi. Wameweka akiba kwa miaka kumi. Watoto wao ni watatu, na wazee wao wanakaa milimani Usambara, mbele ya Lushoto, ambako barabara ya mwisho ni ya udongo. Sasa wanataka gari moja la kupeleka watu kazini, la kwenda Dar es Salaam mara kwa mara, na la kupanda mlimani mara mbili kwa mwaka. Shemeji akasema, "Nunueni lenye nguvu kabisa." Jirani akasema, "Nunueni lenye viti vya ngozi, watu wawaheshimu." Dalali akasema, "Nunueni hili langu, leo hii, kabla hajaja mwingine." Bibi akamwambia mumewe, "Baba watoto, kabla hatujatoa hata senti moja, tusome kwanza." Bibi huyo alisema maneno ya akili. Na sisi tusome pamoja nao.

SEHEMU YA KWANZA: NI GARI LA NAMNA GANI?

Magari ambayo familia hii inayatazama huitwa krosova. Ni marefu kidogo kwenda juu kuliko gari dogo la kawaida, na tumbo lake haliko karibu sana na ardhi. Katika barabara zetu utayaona kila siku: Toyota RAV4, Toyota Harrier, Nissan X-Trail, Subaru Forester, Mazda CX-5. Mengi yametumika kwanza Japani, kisha yakaletwa kwa meli hadi bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Japani huendesha magari upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wake uko kulia, na magari yake hutufaa bila kugeuzwa.

Je, krosova ni sawa na gari la porini, kama Land Cruiser ya kazi? La, si sawa. Fikiri juu ya mkokoteni. Mkokoteni una fremu chini, na sanduku limewekwa juu yake. Land Cruiser ya kazi imeundwa hivyo: chini iko chesisi ya chuma, na bodi imefungwa juu yake. Sasa fikiri juu ya sanduku la bati lisilo na fremu, ambalo nguvu yake imo katika kuta zake na sakafu yake. Krosova imeundwa hivyo. RAV4, iliyotoka Japani mwaka 1994, ilikuwa mojawapo ya magari ya kwanza ya namna hii. Faida yake ni wepesi, ulaini, na mafuta kidogo. Hasara yake ni kwamba haikuundwa kubeba magunia ya mahindi kila siku katika mashimo. Mtu anayetaka punda wa mizigo asinunue farasi wa kupanda.

SEHEMU YA PILI: INJINI

Sasa fungueni macho, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Katika karatasi ya gari utaona namba na herufi mbili: cc. Maana yake ni nini?

Ndani ya injini mna silinda. Silinda ni kama bomba la pampu ya baiskeli, na ndani yake pistoni hupanda na kushuka. Cc ni kipimo cha nafasi ambayo pistoni zote hupitia. Gari lenye silinda nne na cc 2000 lina cc 500 katika kila silinda. Cc 500 ni nusu lita. Basi fikiri chupa nne za maji za nusu lita: hiyo ndiyo injini ya cc 2000, na watu huiita injini ya lita mbili.

Injini kubwa huvuta hewa zaidi na mafuta zaidi, kwa hiyo hutoa nguvu zaidi. Tutazame Nissan X-Trail ya umbo lililotoka mwaka 2007. Iliuzwa Japani na injini mbili za petroli. Ya kwanza ina cc 1997, na nguvu ya farasi 137. Ya pili ina cc 2488, na nguvu ya farasi 170. Shemeji atapenda ile ya pili. Lakini tutazame namba tena. Ya kwanza iko chini ya 2000, pungufu 3 tu. Ya pili imepita 2000 kwa 488.

Kwa nini tunajali 2000? Kwa sababu ya kodi. Kwa miaka mingi Tanzania imetoza ushuru wa bidhaa juu ya magari kwa ngazi za ukubwa wa injini, na mojawapo ya mipaka ya ngazi hizo ni cc 2000. Gari likipita mpaka, hupanda ngazi. Japani nako kodi ya kila mwaka hupanda kwa ngazi, na 2000 ni mpaka huko pia. Ndiyo maana utaona injini nyingi zimeishia kidogo kabla ya mpaka: X-Trail 1997, Mazda CX-5 ya petroli 1997, Toyota Harrier ya mwaka 2013 cc 1986, Subaru Forester 1994 au 1995. Waundaji walijua wanachofanya. Na wewe ujue.

Lakini cc peke yake haisemi yote. Subaru Forester iliyotoka mwisho wa mwaka 2007 ilikuwa na injini ya kawaida ya lita mbili, na nyingine ya lita mbili yenye tabo. Tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo hushindilia hewa ndani ya injini. Cc ni zile zile 1994. Lakini yenye tabo ina nguvu ya farasi 230, na isiyo na tabo haifiki 150. Kodi kwa cc ni ngazi moja, lakini kwenye kituo cha mafuta si ndugu tena. Yenye tabo hunywa zaidi, na imeundwa kwa petroli ya daraja la juu. Oili yake isipobadilishwa kwa wakati, tabo hufa, na kuinunua tena ni msiba.

Jambo jingine katika Forester hiyo: injini zake za mwanzo huzungusha vali kwa mkanda wa mpira, nao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, injini yaweza kuharibika kabisa. Kuanzia mwaka 2010 injini ya kawaida isiyo na tabo ilibadilishwa, ikapewa cheni ya chuma badala ya mkanda. Kwa hiyo magari mawili yanayofanana kama pacha yanaweza kuwa na gharama mbalimbali. Uliza mwaka, kisha uliza: mkanda au cheni? Kama ni mkanda, ulibadilishwa lini?

Sasa dizeli. Mazda CX-5 ilitoka mwaka 2012 na injini ya petroli ya cc 1997 na injini ya dizeli ya cc 2188. Kuna kipimo kinachoitwa nguvu ya kuzungusha. Ni ile nguvu unayoisikia mguuni ukikanyaga pedali ya baiskeli kupanda mlima. Ile ya petroli ina nyutoni-mita 196. Ile ya dizeli ina 420, yaani zaidi ya mara mbili. Mlimani, gari limejaa watu, dizeli hupanda bila kulia. Tena kwa safari ndefu hula mafuta kidogo.

Basi, je, dizeli ndiyo bora? Si kwa kila mtu. Kwanza, cc 2188 imepita mpaka. Pili, dizeli hii ina chujio la masizi katika njia ya moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari likienda safari ndefu bila kusimama. Anayekwenda sokoni kilomita tatu na kurudi, kila siku, halipi chujio nafasi ya kujisafisha, mwisho huziba. Tatu, injini hii iliundwa kwa dizeli ya Japani, ambayo salfa yake haizidi sehemu 10 katika kila milioni. Nchi za Afrika Mashariki zilikubali kiwango cha sehemu 50 mwaka 2015. Hiyo ni hatua kubwa mbele, lakini bado si 10. Basi dizeli ni rafiki wa msafiri. Kwa mtu wa safari fupi za mjini, ni rafiki mwenye gharama.

SEHEMU YA TATU: DARAJA

Umewahi kupanda treni ya Reli ya Kati kwenda Kigoma? Treni moja ina madaraja. Wa daraja la kwanza amelala kitandani, wa daraja la tatu amekaa kwenye kiti pamoja na mizigo yake. Lakini kichwa cha treni ni kimoja, na wote hufika Kigoma saa moja.

Magari nayo yana madaraja. Gari la jina moja huuzwa la chini, la kati na la juu. La juu lina viti vya ngozi, taa nzuri zaidi, magurudumu mapana ya kung'aa, paa la kioo, mlango wa nyuma unaojifungua wenyewe. Mara nyingi injini ni ile ile moja. Umelipia starehe, hukulipia mwendo.

Hakuna ubaya kulipia starehe, kama fedha ipo. Ila fahamu kwamba kila kilichoongezwa siku moja kitaharibika. Tairi za magurudumu makubwa ni ghali zaidi, na ukuta wake ni mfupi, hauvumilii mashimo. Mlango wenye mota ukigoma, hutauponya kwa nyundo.

Tena usidanganywe na majina. Toyota Harrier iliyotoka Japani mwaka 2013 ilikuwa na madaraja yaliyoitwa Grand, Elegance na Premium. Kwa Kiingereza neno Grand maana yake ni tukufu. Basi dalali atasema, "Hii ni Grand, Bwana!" kama kwamba ndiyo ya mfalme. Kumbe Grand ndiyo daraja la chini. Elegance iko juu yake, na Premium juu zaidi.

Kwa magari mengine, daraja na injini hukaa pamoja katika jina. Andika haya:

X-Trail 20S: lita mbili, vifaa vya kawaida.
X-Trail 20X: lita mbili, vifaa zaidi.
X-Trail 25X: lita mbili na nusu, vifaa zaidi.
CX-5 20S: petroli, lita mbili.
CX-5 XD: dizeli.
Forester 2.0XT: lita mbili, yenye tabo.

Umeona? Herufi T moja tu yaweza kubadilisha gharama ya mwaka mzima. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma.

SEHEMU YA NNE: KUSOMA KIBATI

Maneno yaliyobandikwa mlangoni nyuma yanaweza kubanduliwa na kubandikwa mengine. Mtu akitaka kuligeuza 20S kuwa 25X kwa macho, atanunua herufi tu. Kwa hiyo usisome mlango. Soma kibati. Kibati ni kipande kidogo cha bati au karatasi ngumu, kilichowekwa na kiwanda ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Humo mna namba ya namna ya gari.

Katika X-Trail tuliyoitaja, T31 ni ya lita mbili, inavuta kwa magurudumu mawili. NT31 ni ya lita mbili, inavuta kwa yote manne. TNT31 ni ya lita mbili na nusu, inavuta kwa yote manne. Katika CX-5 ya kwanza, KEEFW ni ya petroli ya lita mbili, magurudumu mawili. KEEAW ni hiyo hiyo, magurudumu manne. Ukiona KE2, hiyo ni dizeli. Katika Harrier ya petroli ya lita mbili isiyo na tabo, ZSU60 ni magurudumu mawili, ZSU65 ni manne.

Je, wahitaji magurudumu manne? Yana faida kwenye tope na utelezi. Lakini yana uzito zaidi, shafti zaidi, na difu ya nyuma inayotaka oili yake. Anayekaa kwenye lami mwaka mzima hubeba mzigo asioutumia. Anayepanda mlima wa udongo wakati wa masika hatajuta.

Karatasi nyingine ya kusoma ni ile ya mnada wa Japani, ikiwa gari linaagizwa kutoka huko. Mkaguzi huandika alama: 4 ni gari zuri, 3.5 lina kasoro zaidi, na R ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Kilomita zilizosafiriwa nazo huandikwa humo. Zilinganishe na zile za kwenye dashibodi. Kama karatasi yasema 140,000 na dashibodi yasema 70,000, funga mkoba wako, aga, uende zako.

SEHEMU YA TANO: THAMANI

Sasa hesabu. Bei na thamani si kitu kimoja. Bei ni fedha unazotoa siku ya kwanza. Thamani huonekana siku unapouza. Tufanye mfano kwa namba za kufundishia tu. Tuseme unakwenda kilomita 12,000 kwa mwaka, na lita moja ya mafuta ni shilingi 3,000.

Gari la kwanza bei yake ni shilingi 30,000,000. Kwa lita moja huenda kilomita 10. Basi kwa mwaka linakunywa lita 1,200, yaani shilingi 3,600,000. Kwa miaka mitano ni 18,000,000. Baada ya miaka mitano unaliuza 20,000,000. Jumla: 30 na 18 ni 48, toa 20, zimebaki 28. Limekugharimu shilingi 28,000,000.

Gari la pili bei yake ni 26,000,000. Kwa lita moja huenda kilomita 8. Basi kwa mwaka ni lita 1,500, yaani 4,500,000. Kwa miaka mitano ni 22,500,000. Spea zake ni adimu, watu hawalipendi, unaliuza 14,000,000. Jumla: 26 na 22 na nusu ni 48 na nusu, toa 14, zimebaki 34 na nusu. Limekugharimu shilingi 34,500,000.

Gari la pili lilikuwa rahisi kwa shilingi 4,000,000 siku ya kwanza. Mwisho limekuwa ghali kwa 6,500,000. Wahenga walisema rahisi ghali, na hesabu yakubali. Wala hatujaweka bima, tairi, wala fundi.

Msisahau kodi na umri wa gari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Tanzania huruhusu, lakini gari lenye umri mkubwa hutozwa nyongeza ya uchakavu. Viwango hubadilika katika bajeti, kwa hiyo usitumie habari za mwaka jana. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina kikokotoo cha kodi ya magari yaliyotumika katika mtandao. Kama hujui kukitumia, mwombe kijana akufungulie, mtazame pamoja kabla ya kutuma fedha Japani.

FAMILIA ILICHAGUA NINI?

Turudi Morogoro. Bwana na Bibi walikaa mezani, wakaandika matumizi yao. Kila siku: safari fupi za mjini. Basi dizeli ikatoka. Hakuna haja ya mbio: tabo ikatoka. Cc zisizidi 2000: X-Trail ya 25 ikatoka. Viti vya ngozi havipandi mlima: daraja la juu likatoka. Njia ya wazee ni ya udongo na utelezi: magurudumu manne yakabaki.

Basi wakatafuta X-Trail 20S yenye kibati cha NT31, iliyokwisha kuingia nchini na kulipiwa kodi zake, maana gari la umri huo likiagizwa sasa lingebeba ile nyongeza ya uchakavu. Walilikagua na fundi wao, si fundi wa dalali. Giaboksi yake ni ya namna ya mkanda wa chuma usio na gia za kuhesabu, nayo hutaka oili yake maalumu. Wakauliza kama ilibadilishwa. Fedha zilizosalia hawakuzimaliza. Walizitenga kwa tairi nne, oili zote, bima, na dharura. Shemeji alicheka kidogo. Lakini gari lilipopanda mlima na wazee wakashuka ndani yake kwenda hospitali, hakuna aliyeuliza viti ni vya nini.

Mwingine katika hali nyingine angechagua lingine, naye angekuwa sawa. Anayekwenda Mbeya na Dar es Salaam kila wiki huenda CX-5 ya dizeli ikamfaa. Anayekaa kwenye lami tu, Harrier ya magurudumu mawili yatosha. Tuliyojifunza leo ni utaratibu: kwanza andika kazi yako, pili chagua injini, tatu chagua daraja, nne fanya hesabu ya miaka mitano, tano soma kibati na karatasi. Usianze na rangi.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Injini ya silinda nne ina cc 1600. Kila silinda ina cc ngapi?
2. Kwa nini waundaji wengi huishia cc 1997 na si cc 2010?
3. Kati ya KEEFW na KEEAW, ni ipi inayovuta kwa magurudumu manne?
4. Gari linakwenda kilomita 9 kwa lita. Kwa kilomita 900 litatumia lita ngapi?
5. Mweleze mwenzako kwa nini dizeli yenye chujio haimfai mtu wa safari fupi.

Andikeni majibu katika madaftari yenu, na mwalimu atayasahihisha. Nyumbani, mkipata ruhusa ya mwenye gari, tafuteni kibati cha gari moja, mnakili herufi na namba zake, mzilete darasani.

Somo limekwisha. Kwaherini wasikilizaji, kwaherini wanafunzi, mpaka tutakapokutana tena.